Samaki wa Utepe Mwekundu

Siku ya kwanza Kimya alipomwona yule binti, binti alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya maabara, shavu juu ya saruji, anachungulia chini ya meza ya matangi kama mtu aliyeangusha pete. Kimya alisimama mlangoni na ndoo zake mbili za maji. Akasubiri. Kwa kusubiri, hakuna aliyemfikia katika jengo lile.

"Shikamoo, baba," sauti ikatoka kule chini. "Hii meza haijakaa sawa. Mguu mmoja ni mfupi."

"Marahaba. Ndiyo, ni mfupi."

"Umekuwa hivyo tangu lini?"

Kimya akafikiri. "Mwaka huu ni wa kumi na moja."

"Na hakuna aliyeuona?"

"Mimi niliuona."

"Ukamwambia nani?"

Kimya akaweka ndoo chini polepole, akaanza kuzipanga kana kwamba kulikuwa na namna mbili za kupanga ndoo mbili. Binti akaelewa. Akainuka, akajipangusa vumbi, akakunja kipande cha boksi mara nne na kukisukuma chini ya ule mguu. Maji katika matangi kumi na mawili yakatulia sawa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Kimya aliyatazama akaona kama chumba kizima kimehamishwa.

Hakuitwa Kimya na wazazi wake. Ni watu wa jengo waliompa jina hilo, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kuosha chupa na kulisha samaki, alikuwa hajawahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya wawili, na mmoja wa hao wawili akiwa mwanamke, ilikuwa mmoja tu. Shule yake iliishia darasa la saba. Kusoma alijua, tena vizuri. Alisoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani na kila iliyotupwa kwenye pipa. Kilichomshinda ni kuamini kwamba kuna mtu duniani anayesubiri kusikia yeye ameonaje.

Kila likizo ndefu maabara ilipokea mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza, aitwe mtafiti kwa wiki kumi. Kimya alikwisha kuwaona wengi. Mmoja alipigwa picha siku ya kwanza amevaa koti jeupe, ameshika chupa yenye maji ya bomba na kuikodolea macho. Hakuonekana tena mpaka siku ya vyeti. Mwingine aligundua kwamba stoo ya magunia ina ubaridi mzuri, akalala humo likizo nzima, akaandika ripoti ya kurasa arobaini.

Huyu alikuwa namna nyingine. Mama yake alikuwa mshonaji, naye alilelewa chini ya cherehani, mahali ambapo kitambaa kinapimwa mara mbili kabla ya mkasi kugusa. Koti lake jeupe alishonewa na mama, mikono mirefu kupita kiasi, kwa imani kwamba mtoto wa miaka ishirini na mmoja bado atakua. Alikuwa na mizani ndogo ya mezani ambayo aliibeba kifuani akitoka chumba hadi chumba, kama mama aliyejifungua juzi. Aliyempa jina la Mizani ni Tasnifu, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa mwaka wake wa nane akiandika tasnifu, hata jina lake mwenyewe likapotelea humo.

"Dada Mizani," Tasnifu alimwambia wiki ya kwanza, "hapa hatupimi kila kitu. Ukipima kila kitu utamaliza, na ukimaliza watakutafutia kazi."

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Profesa. Profesa alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye tumbo lake liliingia mlangoni kwanza, yeye akafuata kutoa maelezo. Nadharia yake, aliyoitafuta kwa miaka sita, ilisema kwamba kiumbe anayepewa robo ya chakula hukua sawasawa na yule anayepewa kamili, maana mwili, ukibanwa, hujipanga. Aliieleza kila saa nne asubuhi na kila saa kumi jioni, mkono mmoja una kikombe cha chai, mwingine una mkate wenye yai.

"Kula ni mazoea tu," alisema, akifuta makombo kwenye tai. "Binti, andika hilo."

Matangi sita yalizungushiwa utepe wa kijani. Samaki wake walilishwa asubuhi na jioni. Matangi sita yalizungushiwa utepe mwekundu. Hao walilishwa mara moja kila baada ya siku mbili. Mwisho wa wiki ya kumi, Mizani angesimama ukumbini mbele ya Mkurugenzi na wageni kuonyesha alichokipata. Yakienda vizuri, Profesa angemwandikia ile barua. Ilikuwa barua moja tu kwa mwaka, ya kumpendekeza mwanafunzi mmoja kwa nafasi ya masomo ya juu, na bila hiyo mlango ule haukuwa na kitasa. Mama mshonaji alikwisha kuwaambia wateja wote. Kulikuwa na watu wamejaribu gauni huku wakisikilizishwa habari za barua.

Kazi ya Kimya ilikuwa kufika alfajiri, kubadilisha maji, na kuwalisha wa kijani kabla watu wa makoti hawajaamka. Siku mbili za kwanza alifuata karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani. Siku ya tatu alikuwa anapita na kopo la chakula, na samaki wa utepe mwekundu wakamfuata. Aliposogea kushoto, walisogea kushoto. Aliporudi, walirudi. Wakajipanga kwenye kioo, midomo inafunguka na kufumbika, na yale macho. Mtu mwenye njaa angalau hufumba macho, ukapata nafasi ya kupita. Samaki hana kope.

Kimya akatazama nyuma. Akachota kidogo kwa vidole vitatu, akanyunyiza. Tangi la pili, kidogo. La tatu, mpaka la sita. Akafunika kopo vizuri, maana alikuwa mtu wa utaratibu. Moyoni alijieleza kwamba hicho si chakula. Karatasi ya ukutani ilizungumzia chakula, na chakula kilipimwa kwa kijiko. Hii ilikuwa salamu.

Baada ya siku ishirini salamu ikawa mara mbili, asubuhi na jioni.

Wiki ya nne Mizani alivua samaki kwa kinyavu, akawapima mmoja mmoja. Akawarudia. Akawapima mara ya tatu, hata samaki mmoja akaanza kujirusha mwenyewe kwenye kinyavu kwa kuzoea. Wa mwekundu walikuwa wamekua. Walikuwa nyuma ya wa kijani kwa unywele tu.

Profesa aliposikia, aliketi. Macho yalimlenga machozi, akaagiza mkate wa pili. Tasnifu akaja akatazama chati, akasema ni wazi kabisa hapa pana hali ya mfinyo-fidia wa kimetaboli, akaondoka haraka kabla hajaulizwa ni nini. Mizani peke yake hakufurahi. Alibaki na kalamu mdomoni, akiyatazama yale matangi kama mama yake anavyotazama suruali iliyotoka sawa wakati vipimo vilikosewa.

"Baba," alimwambia Kimya, "wewe unawaona hawa kila siku. Wana njaa?"

Kimya alikuwa anasugua chupa. Akaisugua mpaka ikalia.

"Wana macho makubwa," akasema.

Huenda yote yangeishia ndani ya chumba kile kama Profesa asingekwenda kumwambia Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa msomaji wa aya za mwisho. Akasoma ya mwisho, na wiki ya tano tangazo likabandikwa mlangoni mwa chumba cha chai: kwa kuzingatia matokeo ya utafiti wetu wenyewe, chai na mkate kwa wafanyakazi wa ngazi ya chini vitatolewa mara moja kila baada ya siku mbili. Wafanyakazi wa ngazi ya juu wataendelea kupata mara mbili kwa siku, kwa kuwa utafiti wowote makini unahitaji kundi la kulinganishia.

Kimya alilisoma tangazo hilo mara tatu. Mlinzi wa geti, aliyekuwa nyuma yake na kikombe kitupu, alilisoma mara moja.

"Nikimjua huyo samaki aliyesema njaa haina shida," mlinzi akasema, "nitamkaanga mbele ya mama yake."

"Samaki hasemi," Kimya akanong'ona.

"Basi kuna anayemsemea. Huyo naye ataingia kikaangoni."

Kimya alirudi kwenye chupa zake. Jioni, mkewe alipomuuliza mbona anakata kitunguu kile kile mara ya pili, akamweleza yote. Mkewe, aliyekuwa mzungumzaji wa kutosha watu wawili, akavuta kigoda akaketi mbele yake.

"Miaka kumi na tisa nakwambia kaseme nao," alisema. "Kaseme kuhusu viatu vya mpira, kaseme kuhusu mgongo. Hukusema. Haya, sasa samaki wamekusemea, na wamesema vibaya."

"Nikisema, nitafukuzwa."

"Na usiposema?"

Kimya akaendelea na kitunguu.

Wiki ya tisa ilipoanza, Mizani akalipima kopo. Hakuna mtu aliyewahi kulipima kopo. Kinapimwa kinachotoka kwenye kopo kwa kijiko, kopo lenyewe ni kopo tu. Lakini yeye alikwisha kupima samaki, maji, mawe ya matangini na siku moja kiatu chake, na lilibaki kopo. Akaandika namba, akajumlisha vijiko vyote vya wiki nane, akatoa. Gramu mia mbili na kumi na mbili hazikuwa na maelezo.

Akafikiri ni panya. Akatega mtego wenye mkate, akasubiri siku mbili. Mkate ukaliwa na Tasnifu. Asubuhi ya siku ya tatu alimfuata Kimya kwenye sinki, kopo mkononi.

"Baba, kuna panya anaiba chakula."

"Panya wapo," Kimya akasema, akitazama povu.

"Ila huyu ana tabia njema. Akimaliza kula anafunga kifuniko, anakaza, anarudisha kopo kwenye rafu, jina limetazama mbele. Panya wa hivyo sijamwona. Nadhani amesomeshwa."

Kimya akafunga bomba. Mikono yake ilikuwa na sabuni mpaka kwenye viwiko, na hakuwa na pa kuiweka.

"Amesoma mpaka darasa la saba," akasema.

Binti akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Hakuzungumza kwa muda mrefu, na Kimya, bingwa wa kunyamaza, aligundua siku hiyo kwamba kunyamaziwa kunauma.

"Kiasi gani?" hatimaye binti akauliza.

"Kidogo."

"Kidogo si kipimo, baba. Njoo unionyeshe."

Akamfuta mikono kwa taulo kama mtoto, akamsimamisha mbele ya mizani. Kimya akachota kwa vidole vitatu, akamwaga. Nukta nne za gramu. Akachota tena. Nukta nne. Alimchotesha mara ishirini, na mara ishirini mizani ikasema nukta nne. Binti akasahau kukasirika.

"Kijiko cha Profesa kinacheza kuliko vidole hivi," akasema, akiushika mkono wa Kimya na kuugeuza kama kifaa kipya kilichofika dukani. "Matangi sita. Kwa siku ngapi?"

Wakahesabu. Siku ishirini mara moja, siku thelathini na nne mara mbili. Jumla ikaja mia mbili na kumi na moja na ushei. Ikabaki pungufu ya gramu moja isiyo na mwenyewe, na hiyo Mizani akamwandikia panya, kwa haki.

Halafu hasira ikakumbuka njia. "Wiki nane, baba. Zimekwenda na maji."

"Niliona wananitazama."

"Na mimi nilikuuliza. Nilikuuliza kama wana njaa."

Kimya akalirudisha kopo kwenye rafu, jina limetazama mbele.

Mizani alimwomba Kimya jambo moja: kwa wiki mbili zilizobaki, asiwape salamu. Hata chembe. Kimya akakubali. Kila alfajiri alipita mbele ya utepe mwekundu amegeuza uso ukutani, kopo amelificha upande wa pili, na kila alfajiri akawasikia wakigonga kioo kwa midomo. Wiki ya kumi walipopimwa, hawakuwa wameongezeka hata uzito wa karatasi. Wawili walikuwa wamepungua.

Mizani akampelekea Profesa daftari. Kimya alikuwa anapiga deki koridoni, na mlango wa Profesa haukuwahi kufungwa vizuri kwa sababu ya tumbo na kiti.

"Mwanangu," Profesa alikuwa anasema kwa upole, "hii sura ya kopo ni ya nini? Hakuna aliyekutuma kwenye kopo."

"Ndiyo inayoeleza, Profesa."

"Inaeleza kupita kiasi. Takwimu zikishawafurahisha wakubwa, haziguswi tena, zinapanguswa vumbi tu. Toa kopo. Toa na wiki mbili za mwisho, sema maji yalichafuka. Barua yako hii hapa, nimeiandika tangu jana. Imebaki saini."

Mizani alitoka na daftari lake kifuani, pale ambapo kwa kawaida palikaa mizani. Alimpita Kimya bila kumwona. Kimya akaendelea kupiga deki mahali pale pale mpaka pakang'aa peke yake.

Ijumaa ukumbi ulijaa asubuhi. Mkurugenzi mbele, wageni pembeni, Profesa amevaa tai isiyo na makombo, Tasnifu nyuma karibu na mlango. Kimya alikuwa na birika kubwa la chai ya ngazi ya juu, akizunguka kujaza vikombe. Mlinzi wa geti alikuwa amesogea mpaka dirishani kumwona huyo samaki.

Binti alisimama amekunja mikono mirefu ya koti. Alionyesha chati ya kwanza, wakatikisa vichwa kukubali. Ya pili, wakatikisa zaidi. Ya tatu ilikuwa picha ya kopo.

"Hili ni kopo la chakula," akasema. "Lilipungua gramu mia mbili na kumi na mbili zaidi ya nilizotoa. Karibu zote zilikwenda kwenye matangi ya utepe mwekundu. Zilipokoma, samaki wale waliacha kukua. Kwa hiyo nilichokipata ni hiki: samaki wa utepe mwekundu walikua kwa sababu walikula."

Ukumbi ukawa kama matangi usiku umeme ukikatika. Profesa alitazama tai yake akitafuta kombo lolote la kumshughulisha.

"Nani aliwalisha?" Mkurugenzi akauliza.

"Mimi nilipima chakula, mheshimiwa. Sikupima watu."

"Nakuuliza tena, binti. Na ufikiri kabla ya kujibu, kuna mambo yako mezani hapa. Nani?"

Kimya aliona binti amefunga mdomo, na akajua huo mdomo hautafunguka, si kwa barua wala kwa nini. Birika lilikuwa zito. Akalisikia likigongana na sahani kabla hajasikia sauti yake mwenyewe.

"Mimi," akasema.

Watu arobaini wakageuka. Angeweza kuishia hapo, lakini mtu aliyefunga bomba miaka kumi na tisa, akilifungua hajui linavyofungwa.

"Vidole vitatu, asubuhi na jioni. Nukta nne za gramu. Na meza ya matangi ina mguu mfupi, mwaka wa kumi na moja huu. Na viatu vya mpira vinavuja. Mheshimiwa, nikuongeze chai?"

Mkurugenzi, kwa kuwa kikombe kilikuwa kitupu kweli, akasema ndiyo.

Kamati ya watu watano iliitishwa wiki iliyofuata. Ilikaa mara tatu, kila mara kwa chai na mkate, ikamtaka Kimya asubiri nje. Ikaja kugunduliwa kwamba barua yake ya ajira, ya miaka kumi na tisa nyuma, ilisema kazi yake ni kulisha samaki, bila kutaja wepi. Akapewa onyo la maandishi. Ilikuwa barua ya kwanza kuandikiwa na ofisi tangu ile ya ajira; mkewe akaihifadhi kwenye sanduku la nguo nzuri. Tangazo la chai halikufutwa na mtu. Asubuhi moja halikuwepo tu, na mlinzi wa geti, kikombe kimejaa, alisema upepo wa mwaka huu una akili. Profesa, kabla ya mwezi kuisha, alianza nadharia mpya kuhusu mchango wa walishaji wasio rasmi.

Barua ya Mizani, Profesa aliiandika upya. Ilikuwa na mstari mmoja: aliyetajwa hapo juu alikuwepo. Ile nafasi ya masomo ya juu mwaka huo haikwenda kwa mtu. Mama mshonaji aliwaambia wateja kwamba mwanawe alipima mpaka wakubwa wakakasirika, akaendelea kukaza pindo.

Jumamosi, siku moja baada ya ule mkutano wa ukumbini, binti alipita maabara kuaga. Begi begani, koti jeupe limekunjwa mkononi. Kimya alikuwa mlangoni na ndoo zake mbili. Alitaka kusema samahani, ameianza tangu alfajiri, ameifikisha mpaka kwenye meno.

"Barua yako," akasema.

Binti akatikisa kichwa, si kwa hasira wala si kwa kusamehe. Akaangalia ndani. Meza ilikuwa imetulia juu ya boksi lake. Tepe bado zilikuwa kwenye matangi, maana utafiti ulikuwa umekwisha lakini hakuna aliyesaini kuziondoa, na kwa karatasi ya ukutani samaki wa utepe mwekundu walikuwa bado kwenye njaa ya kitaalamu. Walikuwa wamejipanga kwenye kioo, midomo inafunguka na kufumbika.

Akaweka begi sawa, akampita Kimya, akashuka ngazi mbili. Kisha akageuka.

"Baba," akasema, "mizani nimeifungia kabatini, na ufunguo nimeuacha getini. Wale wa mwekundu hawajala tangu juzi."